Lukudu Wawili wa Morobo

Kwenye barabara inayotoka soko la Koboko kwenda mpakani kuna ofisi ya vyumba viwili ambayo wenyeji huiita Ofisi ya Waliopotezana. Makanisa na misikiti ya mji ndiyo iliyoianzisha, na kazi yake ni moja tu: kuwakutanisha watu ambao mbio za vita ziliwatenganisha. Mama aliyevuka kutoka Sudan Kusini bila mtoto wake hufika pale. Mzee aliyeachana na mkewe njiani kutoka Congo hufika pale. Na kwa miaka kumi na miwili kila aliyefika alielekezwa kwenye meza ya mwanamke mmoja, Shamim, binti wa askari, ambaye mji mzima ulimwita Mama Kadi.

Jina hilo hakujipa. Kila mtu aliyepotea alikuwa na kadi yake ya karatasi ngumu, na kadi hizo, zaidi ya elfu sita, zilipangwa kwenye droo kumi na nne za mbao. Lakini Shamim hakuzihitaji sana droo. Ukimtajia jina, anafumba macho kidogo, kisha anakuambia, huyo nimemwandika mimi, alikuja na shangazi yake, ana kovu shavuni, anaogopa mbwa. Kwenye kadi yenyewe ungekuta ameandika mistari minne: jina, baba, mahali, mwaka wa kuzaliwa, na chini yake namba ya simu kama ipo. Mengine yote aliyaweka kichwani, na hilo ndilo alilojivunia kuliko mengine. Mtu anaweza kuiba droo, alikuwa akisema, ila hawezi kuniibia mimi.

Kiden alifika ofisini hapo mwaka 2016, miguu imevimba, akitokea Yei, Sudan Kusini. Alikuja kama walivyokuja wengine, akimtafuta mumewe Marino. Shamim aliinua macho, na kabla hata hajauliza jina akamjua. Walikuwa wamekaa dawati moja kule Yei, miaka ile ambayo watu wa Koboko ndio waliokuwa wakimbizi na familia za askari wa serikali iliyopinduliwa zilikuwa zimekimbilia upande wa pili wa mpaka. Wote wawili ni Wakakwa. Mpaka uliwagawa kwa pasipoti tu. Shamim alikuwa wa kwanza darasani, Kiden alikuwa wa kunakili hesabu zake. Siku hiyo walikumbatiana mpaka foleni ikaanza kunung'unika.

Baada ya wiki tatu Shamim akampata Marino kwenye makazi ya wakimbizi, mzima, ila amekonda. Hakuishia hapo. Alimwendea mkuu wa ofisi, Bwana Ondoga, Mlugbara wa Arua mwenye maneno machache, akamwomba Kiden apewe kazi. Kiden akaanza kwa kufagia, akapanda akawa mwandishi wa kadi, meza yake ikiwa nyuma ya meza ya Shamim. Kwa miaka kadhaa walikunywa chai kutoka chupa moja. Wakikwaruzana, wanagombana kwa Kikakwa. Wakipatana, wanacheka kwa Kikakwa. Mbele ya Ondoga wanazungumza Kiswahili kile cha soko na kambi ambacho kila mtu wa West Nile, eneo hili la mpakani, anacho.

Basi ikaja kompyuta.

Ilikuwa mwaka 2022. Wafadhili walitaka majina yote yahamishwe kutoka kwenye droo yaingizwe kwenye programu ya kutunzia kumbukumbu, na wanawake hao wawili wakapelekwa Arua wiki nzima kujifunza. Walilala kwa shangazi yake Shamim, na kila asubuhi walikwenda kwenye ukumbi mmoja wenye kompyuta kumi na mbili, ambako mwalimu Shafiki, kijana wa sauti ya upole, aliwafundisha.

Shafiki hakuwa mtu wa maneno makubwa. Aliwaambia mashine haichoki, lakini pia haijui lolote. Itajua lile tu mlilolitia. Kila mtu apewe namba yake moja, maana majina yanafanana na namba hazifanani. Kinachoweza kuchaguliwa kwenye orodha kisiandikwe kwa mkono, maana leo utaandika Morobo na kesho utaandika Moroboo, na mashine itadhani ni miji miwili. Utafutaji unaourudia kila siku, uhifadhi na uupe jina, usiuandike upya kila asubuhi. Mikono ibaki kwenye kibodi. Kila unapokwenda kushika kipanya unapoteza muda. Na kila unapobadilisha kitu, andika sababu pembeni, hata kama unaona sababu iko wazi, kwa kuwa wewe wa mwezi ujao utakuwa umesahau.

Shamim alisikiliza mikono ikiwa kifuani. Mashine isiyojua kitu mpaka uiambie ilimfaa nini mtu ambaye tayari anajua? Hakuandika hata mstari mmoja. Kiden alijaza daftari zima. Na si daftari tu: alichora kibodi kwenye kipande cha boksi, herufi kwa herufi, na walipokuwa wakingoja chai ichemke kwa shangazi alikiweka mapajani na kugongagonga vidole huku amefumba macho. Shangazi akamsifu kwa bidii yake. Shamim akasema maji yamechemka, ingawa yalikuwa bado.

Siku ya mwisho Shafiki aliwapa jaribio. Kiden alimaliza wa kwanza katika watu kumi na wawili. Shamim alikuwa wa kumi. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kumwona Kiden akiwa mbele yake katika jambo lolote la kusoma, na wakati wa kupiga makofi alipiga, lakini viganja vilikuwa vizito kama vya mtu aliyetoka kutwanga.

Waliporudi Koboko, kazi ya kuingiza kadi ilichukua miezi minane. Kiden aliingiza kadi arobaini kwa siku; Shamim, kidole kimoja huku na kimoja kule, akiingiza tisa amejitahidi. Kisha Kiden akaanza kuyatumia yale ya daftari. Alitengeneza orodha ya mahali pote, kutoka Kajo-Keji mpaka Aba, ukagusa tu pakaingia. Alihifadhi utafutaji mmoja akauita Asubuhi, na kila siku akifika, kabla hajavua hata kitambaa cha kichwani, aliuendesha: mashine ikapanga wanaotafuta upande huu, wanaotafutwa upande ule, na wale ambao baba na mahali vinalingana ikawaweka juu. Mwezi wa kwanza walikutanishwa watu wa familia kumi na moja. Shamim, mwezi wake mzuri kuliko yote, alikuwa amekutanisha sita.

Hapo ndipo wivu ulipomkaa vizuri. Haukuja kwa kelele. Ulianza kwa kuhesabu: watu wanaoingia mlangoni na kuuliza, "Kiden iko?" Jumatatu wanne, Jumanne saba. Ukaendelea kwenye sukari, ambayo Shamim aliihamisha kutoka kwenye rafu ya wote akaifungia kwenye droo yake. Umeme ulipokatika alisikia utamu kifuani. Alisimama, akavuta kiti, akamwambia mama aliyekuwa akingoja kwa Kiden aje upande huu, huku hakuna cha kuzimika. Ondoga alipoleta betri ya jua utamu huo nao ukaisha, na Shamim akaichukia betri ile kama mtu anavyomchukia mke mwenza.

Nyumbani alimweleza mumewe, Swaibu, ambaye ni fundi cherehani. Alimwambia huyu mtu mimi ndiye niliyemfundisha hesabu, mimi nikamtafutia mumewe aliyepotea, mimi nikamtafutia kazi, leo anakaa mbele yangu kama simba jike. Swaibu alikata uzi kwa meno, akamuuliza kama Kiden amemkosea neno lolote. Shamim akafikiri. Kama angepata kosa moja, hata dogo, angelala vizuri. Hakulipata, na hilo lilimuudhi kuliko vyote.

Siku moja wakaja wageni kutoka Arua, watu wa ofisi nyingine waliosikia habari za kazi hii. Ondoga, ambaye hana desturi ya kusifu mtu, alisimama nyuma ya kiti cha Kiden akasema huyu ndiye jicho la ofisi. Wageni wakamzunguka, Kiden akawaonyesha Asubuhi yake, wakastaajabu. Kisha Ondoga akageuka kwa Shamim, akasema, na huyu ni Mama Shamim, ndiye aliyekuwa anatunza makaratasi. Mgeni mmoja akampa mkono, huku macho yakiwa bado kwenye kioo cha kompyuta.

Aliyekuwa anatunza. Neno hilo Shamim alikaa nalo mchana kutwa. 

Alasiri hiyohiyo Kiden alikuwa akisafisha majina yaliyojirudia. Mtu mmoja anaweza kuandikwa mara mbili, na shangazi mwaka huu, na mjomba mwaka ujao. Ukiacha hivyo mashine inamtafuta mtu aliyekwisha patikana. Shafiki alikuwa amewafundisha kwamba kadi mbili za mtu mmoja hazifutwi, zinaunganishwa, na kabla hujaunganisha unamuuliza anayejua. Anayejua alikuwa Shamim. Kiden akageuza kiti, na kwa kuwa Ondoga alikuwa bado chumbani akauliza kwa Kiswahili.

"Shamim, hii Lukudu Lado iko mbili, yote ya Morobo. Mwaka inafanana. Iko mutu moja ama wawili?"

Walikuwa wawili, na Shamim aliwaona wote kama wamesimama mlangoni. Lukudu wa kwanza aliandikwa na mjomba wake, akapatikana mwaka 2018, akarudi naye Yei, kadi ikafungwa. Lukudu wa pili alikuja mwenyewe kutoka Arua, kijana aliyekatika ncha ya sikio la kushoto, akakaa kwenye kiti kile pale na kusema anamtafuta mama yake, Keji, aliyekuwa akiuza samaki wakavu soko la Morobo. Sikio, samaki, jina la mama: yote hayo Shamim hakuyaandika. Aliyaweka kichwani, mahali ambapo hakuna wa kumwibia.

"Iko moja," akasema.

"Kweli?"

"Kadi mimi ndiyo naandika. Iko moja."

Kiden akashukuru, akabonyeza vitufe viwili, akaandika neno pembeni, akaendelea na jina lingine. Lukudu wa pili akaingia ndani ya Lukudu wa kwanza, na kwa kuwa wa kwanza alikuwa amepatikana, basi na wa pili akawa amepatikana. Hakuna tena aliyekuwa akimtafutia mama yake.

Shamim alijiambia atasema kesho. Alitaka tu jicho la ofisi lijikwae mara moja mbele ya watu. Kesho ikaja, akaona kwamba kusema sasa ni kueleza kwa nini hakusema jana. Wiki ikapita na nyingine ikaifuata, na jambo likazidi kuwa gumu kama ugali uliolala.

Wiki ya tano, siku ya Alhamisi, akaingia mwanamke mzee mwembamba, kanga yake imefungwa fundo begani, miguu ina vumbi la Dranya, ambako alikuwa anaishi na kulima kwa wenyeji waliompokea. Alisema alisikia ofisi ikitajwa redioni. Alikuwa ameishi upande wa Congo miaka mingi, sasa amekuja huku, na anamtafuta mwanawe. Aliuliza, kama walivyouliza wote siku hizi, Kiden ni nani. Akakaa mbele ya meza ya Kiden.

Jina lake lilikuwa Keji. Mwanawe aliitwa Lukudu Lado.

Kiden aliandika, mashine ikajibu mara moja. Akatabasamu, akamwambia kwa Kikakwa kwamba mwanawe alikwisha patikana zamani. "Mjomba wake alimchukua mwaka 2018. Walirudi Yei."

Mzee yule hakufurahi. Alimtazama Kiden kama mtu aliyepewa mtoto wa mwingine. "Mwanangu hana mjomba," akasema. "Kwetu nilizaliwa peke yangu, na ndugu za baba yake walikwisha. Tazama tena, binti yangu."

Kiden alitazama tena. Alitafuta kwa jina la baba, kwa mwaka, kwa herufi za mwanzo tu. Kila njia ilimrudisha kwa Lukudu mmoja, yule wa mjomba. Jasho lilimtoka puani. Kwa mara ya kwanza tangu Arua alionekana kama yule msichana wa dawati moja, aliyekwama kwenye hesabu.

Na Shamim, hatua nne kutoka pale, aliiona furaha yake ikifika. Ilikaa kwa muda wa kumeza mate. Kisha akamwona Keji akiinua kikapu chake, akikisogeza kutoka mkono huu kwenda mkono ule, akiwa hajui aelekee wapi, na furaha ile ikageuka kitu kichungu. Alikuwa na maneno mdomoni: kijana wako ana alama sikioni, yuko Arua. Aliinamisha kichwa kwenye karatasi. Alijiambia, Kiden akitoka kidogo nitamwita huyu mama pembeni. Kiden hakutoka. Alimwandika Keji jina, nyumba anayokaa, mtu wa kuulizia, akamwambia watazidi kutafuta, na mzee akashukuru kwa adabu, akaondoka kwa miguu kurudi Dranya.

Usiku huo Swaibu aliamka mara mbili akamkuta mkewe ameketi. 

Ijumaa Shamim alifika ofisini mapema sana, amevaa hijabu yake ya kwenda kuswalia, akiwa amekata shauri la kusema kabla moyo haujageuka tena. Kiden alikuwa amekwisha fika. Hakuitikia salamu. Aligeuza kioo cha kompyuta kikamwelekea Shamim, akaweka kidole kwenye safu ya pembeni. Mbele ya jina la Lukudu Lado, tarehe ya siku ya wageni, palikuwa pameandikwa: Kadi mbili zimeunganishwa. Shamim amesema ni mtu mmoja.

"Nilitafuta tena jana ulipoondoka," Kiden akasema kwa Kikakwa. "Nikakumbuka ulivyoinamisha kichwa. Shuleni pia, ulipokuwa unajua jibu na hutaki nilione, ulikuwa unainamisha kichwa hivyohivyo."

"Ni watu wawili," Shamim akasema.

"Ulijua siku ile?"

"Nilijua."

"Na jana?"

"Na jana nilijua."

Kiden alikirudisha kioo mahali pake. Nje watu walianza kupanga foleni. "Mimi nilikuja kwenye meza yako hiyo namtafuta Marino," akasema. "Ungekuwa umenikasirikia siku hiyo, ningeambiwa nini?"

Shamim alitaka kusema mengi: juu ya Ondoga na wageni, juu ya aliyekuwa anatunza makaratasi, juu ya sukari. Yote aliyaona madogo kama punje. Akasema, "Nilikuonea wivu. Tangu Arua nakuonea wivu."

"Naujua wivu wako. Sukari niliiona." Sauti ya Kiden haikupanda. "Ungenitukana, ningevumilia. Ungenimwagia chai, ningefua nguo. Yule mama hakukufanyia lolote."

Hawakukumbatiana. Hapakuwa na nafasi ya kukumbatiana. Shamim akaanza kusema yote aliyoyajua juu ya Lukudu wa pili, sikio, samaki wakavu, jina la Keji, fundi wa viatu aliyekuwa akikaa naye, Kiden akaandika. Lakini namba ya simu Shamim hakuikumbuka. Namba hazikukaa kichwani mwake kama nyuso. Zile kadi za karatasi zilikuwa zimepelekwa stoo ya parokia, na mchwa walikuwa wamezifikia kabla ya mtu mwingine. Hapo Kiden akafungua kisanduku kidogo cha chuma, akatoa kifaa cha kuhifadhia nakala. Kila Ijumaa, tangu waliporudi kutoka Arua, alinakili kumbukumbu zote kabla ya kusafisha chochote, kama Shafiki alivyowasisitiza. Akarudi wiki sita nyuma. Lukudu wawili walikuwa pale, mmoja juu ya mwingine, na chini ya wa pili palikuwa na namba ya jirani.

Simu iliita mara tatu. Mwanamke akapokea, akasema Lukudu alihama pale mwaka juzi, sasa yuko Ombaci, karibu na Arua, anafanya kazi kwenye karakana ya useremala, na ndiyo, sikio lake moja ni fupi.

Shamim alichukua boda mpaka Dranya peke yake. Kiden alitaka kumtuma mtu mwingine, Shamim akakataa. Njia nzima alitunga namna ya kueleza ambayo ingemfanya aonekane amekosea tu, mtu amechanganya majina, nani hachanganyi. Alimkuta Keji nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi. Alipomwona uso wake, maneno yale aliyoyatunga yalimkimbia. Akachuchumaa, akamwambia mwanawe yuko hai, yuko Ombaci, anachonga milango. Kisha akasema lililobaki: kwamba yeye alikuwa amekaa palepale jana, alijua, akanyamaza, kwa sababu alitaka mwenzake ashindwe.

Keji hakuacha kupukuchua mara moja. Alimaliza gunzi lililokuwa mkononi, akaliweka chini.

"Kwa hiyo umeniongezea usiku mmoja," akasema. "Nilikuwa na miaka sita. Umeongeza usiku mmoja." Akanyanyuka, ameshika kiuno. "Ningoje hapo. Viatu vyangu viko ndani."

Walifika Ombaci Jumamosi asubuhi. Karakana ilikuwa wazi, na kijana mmoja alikuwa ameinamia ubao wa mlango akiupiga randa, mgongo umewaelekea. Shamim alitaka kumwita, Keji akamzuia kwa mkono. Alisimama mlangoni akimtazama tu, akimpima mabega, kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia. Kisha akatamka jina ambalo halikuwa kwenye kadi yoyote wala kichwani mwa Shamim, jina la nyumbani, fupi, la mtoto mdogo. Randa ikasimama. Kijana alifuta mikono kwenye suruali, akafuta tena, akafuta tena, kama vumbi la mbao lingemzuia kugeuka.

Shamim akatoka nje. Aliwasikia kutoka upande wa pili wa ukuta, na alilia pia, lakini alijua kilio chake si cha aina moja na chao, na hakuingia kuwaonyesha.

Jumatatu alikwenda mwenyewe kwa Ondoga akamweleza tangu mwanzo. Ondoga alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampa barua ya onyo, na akaamuru kwamba toka siku hiyo Shamim atafanya kazi chini ya Kiden. Alisema na jambo lingine: watu wote walio kichwani kwa Mama Shamim watoke humo, waingie mahali ambapo yeyote anaweza kuwakuta.

Basi kwa miezi saba, kila asubuhi kabla ya kufungua mlango, Kiden aliendesha Asubuhi yake, kisha akasema jina, na Shamim akafumba macho akaeleza. Ana kovu. Anaogopa mbwa. Mama yake aliimba kanisani. Kiden aliandika bila kutazama vidole. Walipofika kwenye majina yanayoandikwa kwa namna nyingi, Lukudu na Lokudu, Yugu na Iyugu, Swaka na Suaka, Shamim ndiye aliyesema yote yapangwe kwenye orodha moja, ili mtu akitafuta moja aletewe na mengine yanayofanana nalo. Kiden akatengeneza orodha hiyo kwa siku mbili. Watu mia nne na kumi na wawili wakapata kitu kwenye kumbukumbu zao ambacho hakikuwepo, na katika hao thelathini walikutana na watu wao kabla mwaka haujaisha.

Kazi hiyo haikuwarudisha kwenye chupa moja ya chai. Sukari ilirudi kwenye rafu, lakini Kiden alikuja na ya kwake. Walizungumza kazi, wakaulizana habari za nyumbani, basi. Mara moja tu, walipofikia jina la mwalimu wao wa Yei, walicheka mpaka Ondoga akatokeza kichwa.

Kisha Kiden aliitwa Arua kuwafundisha watu wa ofisi nyingine, kwenye ukumbi uleule wa Shafiki. Shamim alipelekwa amsaidie. Kiden alieleza juu ya namba moja kwa kila mtu, juu ya kuhifadhi nakala, juu ya kuandika sababu, na alipofikia orodha ya majina alisema ilikuwa fikra ya Shamim, akimwita dada yake. Alisema hivyo mara moja tu. Shamim alihesabu. Watu walipiga makofi wakimtazama Kiden, na kile kidonda cha zamani kikamchoma palepale pake, hakikuhama hata kidogo. Alipiga makofi. Safari hii aliendelea mpaka wengine wote wakanyamaza, na viganja vikawa vinawaka.

Mavuno ya ufuta yalipofika, Lukudu alikuja Koboko kwa baiskeli akiwa na vifurushi viwili vya ufuta kutoka kwa mama yake, kimoja cha Kiden, kimoja cha Shamim. Kiden hakuwepo, alikuwa amempeleka Marino kwa daktari. Shamim alimshukuru kijana, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi akafunga mlango. Alichukua kifurushi kimoja mkono wa kulia na kingine mkono wa kushoto, akavipima. Cha Kiden kilikuwa kizito zaidi, na kwa wazi kabisa.

Havikuandikwa jina, na pale Koboko hakuna mwingine aliyejua kipi ni cha nani. Halafu akaifunga ofisi, akakibeba kile kizito kichwani, akampelekea Kiden nyumbani kwake.